Mwenye Sauti ya Tramu

Asubuhi ya kwanza katika mji mkuu, wakati wageni wote ndani ya tramu walikuwa wamebandika pua kwenye vioo kulitazama jumba la serikali, Spika alikuwa ameinua uso anatazama dari.

"Wifi, jumba lile kule," alisema wifi yake, akimvuta mkono wa koti. "Tumekalia basi mpaka viuno vimekufa ganzi, tumekuja kuona jumba, wewe unaangalia taa."

"Nyamaza kidogo. Anaongea."

"Nani anaongea?"

Juu ya mlango palikuwa na kisanduku chenye matundu madogo kama chujio la chai. Kutoka humo mwanamke alisema: "Kituo kinachofuata, Bustani ya Zamani. Tafadhali, angalia unapokanyaga." Sauti yenyewe ilikuwa nzito kidogo, haina haraka. Kila neno alilitua polepole, kama mtu anayeweka glasi mezani huku mtoto amelala chumba cha pili.

"Huyu kazi anaijua," alisema Spika. "Sikia anavyovuta pumzi kabla ya kutaja jina. Mtu havuti pumzi hivyo kama hajawahi kutangaza mahali penye makelele."

Rafiki yao wa tatu, mkatisha tiketi ambaye kwa ulimi wake alibatizwa Pilipili, alikuwa anapangusa ukungu kwenye kioo ili apige picha. "Mimi nimesikia 'tafadhali' tu," alisema. "Hilo neno pale dirishani kwangu liliisha siku nyingi, na hawajaleta jingine."

Spika hakuwa spika wa bunge lolote. Jina hilo alipewa na wapakiaji mizigo wa stendi ya mabasi ya mji wao mdogo, kwa sababu ndiye aliyekuwa mtangazaji. Kazi yake aliifanyia katika kibanda cha vioo kilichojengwa juu ya madirisha ya tiketi. Ndani mlikuwa na kiti kimoja, hita iliyonuka vumbi lililoungua, na kipaza sauti kilichovishwa soksi ya sufu baada ya sponji yake kuliwa na panya. Kwenye mkataba, kazi yake ilikuwa kutaja basi, mlango na saa. Lakini kutoka kule juu aliiona stendi nzima, na mtu anayeona hawezi kujifanya haoni. Kwa hiyo katikati ya kutaja saa, watu walimsikia akisema, "Dereva wa basi la mashariki, usifunge mlango, kuna mama anakuja, begi limemkatikia mkanda." Au: "Mzee mwenye kofia ya kijani, hilo siyo basi lako. Rudi nyuma. Kushoto. Kushoto kwako, siyo kwangu. Hapo hapo." Stendi nzima ilicheka, na mzee akapanda basi lake.

Hata mume alimpatia humo humo kwenye kipaza sauti. Alikuwa dereva, na wifi mtu hakuchoka kuisimulia habari hiyo: "Kaka yangu alikuwa anachelewa kuondoka makusudi ili huyu amwite kwa jina. Alichelewa mpaka akakaribia kufukuzwa kazi. Ikabidi tumwoe huyu ili mabasi yaondoke."

Sasa meneja wa stendi alikuwa amemwita ofisini na kumpa kiti, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Makao makuu ya kampuni, alisema meneja, yameipenda sauti yake. Wanataka aende mji mkuu, arekodiwe akitaja miji yote, milango yote na saa zote, kisha mashine itamwaga sauti hiyo kwenye stendi zote za kampuni, nchi nzima. Kibanda kitafungwa. Yeye atahamishiwa stoo ya mizigo. "Tunaboresha huduma," alimalizia meneja. Neno hilo likitoka kwa wakubwa, mtu wa chini huangalia kwanza kiti alichokalia kama bado kipo.

Spika alifurahi, hakuna haja ya kumsingizia ushujaa. Nani asiyependa kuambiwa nchi nzima itamsikia? Alikuwa amekwisha kukubali nusu na robo. Robo iliyobaki ilikuwa swali ambalo meneja hakuweza kulijibu: sauti ya mtu ikishaondoka ikaenda kufanya kazi peke yake, mwenyewe anabaki akiwa nani? Alitakiwa makao makuu Jumatatu asubuhi. Kwa kuwa majira ya baridi abiria hupungua na ruhusa hupatikana, marafiki zake wawili walisema hawawezi kumwachia mji mkuu auone peke yake. Wakaja naye tangu Jumamosi.

Waliposhuka kwenye uwanja mkubwa, baridi iliwapokea kwa makofi ya uso. Theluji ilikuwa imemvika kofia nyeupe jemadari wa shaba aliyepanda farasi, na farasi naye akapata shela. Maji ya chemchemi yalikuwa yameganda yakiwa bado yanaanguka, yakaning'inia hewani kama pazia lililosahauliwa nje. Pilipili alipiga picha mpaka vidole vikakataa kutii. Wifi, aliyekuwa fundi cherehani, hakuangalia jemadari wala farasi. Alikuwa anakagua makoti ya wapita njia.

"Yule dada bega limemshinda," alinong'ona. "Amelipa koti zima, amevaa nusu."

Spika alimwendea muuza magazeti aliyekuwa anarukaruka kuipasha moto miguu yake.

"Samahani, kaka. Yule mama wa kwenye tramu ni nani?"

"Mama yupi?"

"Anayetaja vituo."

Muuza magazeti aliacha kurukaruka. Ilionekana ni mara ya kwanza maishani kulifikiria jambo hilo. "Yule siyo mtu," alisema mwishowe. "Yule ni tramu."

Jibu hilo halikumtosha Spika. Alimuuliza polisi wa barabarani, akacheka. Alimuuliza kijana mmoja aliyebeba vitabu, akaambiwa kwa upole kwamba siku hizi zile ni kompyuta.

"Kompyuta haipati mafua," alijibu Spika. "Panda tramu, usikilize kituo cha Daraja la Juu. Pua imemziba. Walimrekodi mgonjwa."

"Twende zetu," alisema Pilipili. "Watadhani tumetoroka mahali."

"Nendeni mkaone mnara. Mimi nataka kufika mwisho wa reli."

Hawakwenda kuona mnara. Walinung'unika, wakapanda tramu pamoja naye, na njia nzima wifi alikuwa akihesabia vidole majumba ambayo hawatayaona. Lakini walipofika Daraja la Juu wote watatu waliinua nyuso darini, na Pilipili akatikisa kichwa. "Ana mafua kweli," alisema. "Maskini. Na huu ni mwaka wa ngapi hajapona?"

Mwisho wa reli, dereva alikuwa ameshuka anakwangua barafu kwenye ngazi ya mlango kwa mpini wa mfagio. Chai aliyokuwa amemimina kwenye kifuniko cha chupa ilifuka mvuke juu ya kiti. Alisikiliza swali, akauegemea mfagio wake.

"Yule ni mwenzetu," alisema. "Alikuwa akitangaza stesheni kuu zamani, kabla ya mashine. Sasa yuko makumbusho ya taifa, kule chini, anapokea makoti ya wageni." Kisha akamtazama Spika kwa makini. "Nimeendesha hii tramu mpaka mvi zimeota. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Makumbusho yalikuwa na joto, na wifi alitangaza kwamba hapo sasa ndipo penye akili. Chini ya ngazi, nyuma ya kaunta ndefu, mwanamke mfupi mwenye miwani yenye mnyororo na sweta lililovaliwa mpaka viwiko vikang'aa alikuwa anapokea makoti na kuyatundika safu kwa safu. Alimpa Pilipili kibao cha namba.

"Tafadhali," alisema, "angalia usikipoteze."

Pilipili alimshika Spika mkono akaufinya. Na Spika, ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya stendi iliyojaa, alisimama pale na koti lake mkononi kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

"Shikamoo, mama," alisema hatimaye.

"Marahaba."

"Samahani. Ni wewe wa kwenye tramu?"

Yule mama alilichukua koti, akalitundika kwanza. "Nani amekwambia?"

"Dereva. Lakini ningekujua tu. Pale Daraja la Juu ulikuwa na mafua."

Yule mama alimtazama kwa juu ya miwani, halafu akacheka, kicheko ambacho tramu haikuwahi kukisikia. "Kumbe yupo aliyesikia. Niliwaomba turudie kesho yake. Wakasema nani atajua."

"Mimi ni mtangazaji wa stendi ya mabasi, mama. Jumatatu wanataka kunirekodi. Nimekutafuta nikuulize ikoje."

Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kujaa, watu wameshika makoti na kukohoa kikohozi cha kuhimiza. Wifi aliitazama foleni, akamtazama Spika, akazunguka kaunta bila kuomba ruhusa. "Ongeeni," alisema. "Makoti ndiyo kazi yangu." Akaanza kupokea, na kila alipogeuza moja alipitisha kidole kwenye bitana na kutoa hukumu: "Hili la fundi. Hili la haraka. Kaka, kifungo hiki usipokishonea leo kesho huna."

"Chumba kina joto," alianza yule mama. "Wanakuletea maji. Kila ukimaliza mstari wanakwambia vizuri sana. Jioni umemaliza, unarudi nyumbani umevimba kichwa. Sikudanganyi, mwanzoni nilikuwa nikipanda tramu kujisikiliza tu. Nauzunguka mji mzima kama mgeni."

"Na baadaye?"

"Baadaye niligundua watu wanaongea nayo. Kuna mtoto kila asubuhi anaiambia habari za asubuhi. Mimi nimekaa kiti cha nyuma yake. Nikimwitikia, mama yake atashtuka, kwa hiyo nanyamaza." Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya sweta. "Hilo linachekesha. Kuna lingine halichekeshi. Siku moja bibi mmoja, mgonjwa, unamwona tu kwamba ni mgonjwa, alisimama mlangoni akauliza juu, kwenye kile kisanduku: 'Mwanangu, hospitali nishuke wapi?' Ikamjibu, 'Milango inafungwa.'"

Spika aliinua uso akatazama dari, kama vile kisanduku kile kilikuwa pale.

"Kwa sauti yangu," alisema yule mama. "Mimi sijamfungia mtu mlango maisha yangu yote pale stesheni. Nilishuka naye, nikamshika mkono, nikampeleka. Njia nzima ananisimulia jinsi yule mwanamke wa tramu asivyokuwa na adabu."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambia nini?"

Mtu mmoja alirudi kuuliza choo kiko wapi. Yule mama alimwelekeza kwa mkono na kwa sauti ile ile, na yule mtu akashukuru akaenda bila kushtuka chochote.

"Unajuta, mama?"

"Sijui. Sauti ile bado naipenda. Ninachojua ni kwamba siku ile sikuuliza swali hata moja. Walikuwa wananisifu, nikaona haya kuuliza."

Jumatatu asubuhi Spika alifika makao makuu akiwa amesindikizwa na marafiki zake mpaka mlangoni. Kijana mtaalamu wa mitambo, mwenye visikizio shingoni, alimwingiza kwenye chumba ambacho kuta zake zilivishwa sponji nene. Humo ndani hata mtu akikohoa, kikohozi kilikufa mdomoni. Alimwekea maji. Alimwekea karatasi yenye majina ya miji.

"Kabla hatujaanza," alisema Spika. "Abiria akiuliza, hii itamjibu?"

"Akiuliza nini?"

"Chochote. Kapotea. Mtoto wake haonekani. Basi lake liko wapi."

"Kutakuwa na ubao wa maandishi, mama."

"Na aliyesahau miwani?"

Kijana alifikiri, na tumpe haki yake, alifikiri kweli. "Hilo siyo la idara yangu," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye angependa liwe.

"Basi nipeleke kwa mwenye idara."

Mwenye idara alikuwa ghorofani, bwana nadhifu mwenye meza pana isiyo na kitu. Alimsikiliza Spika huku akitabasamu, kama wakubwa wanavyotabasamu wanaposubiri mtu amalize ili waseme walichokuwa wamekwisha kuamua.

"Mama, tunakuheshimu," alisema. "Ukikataa tutatafuta mwingine."

"Mtampata. Sauti nzuri ni nyingi. Ila mwambieni kwanza sauti yake inakwenda kumnyamazia nani. Mimi hamkuniambia, nimemtafuta mwenye sauti ya tramu mji mzima ndipo nikajua."

"Na mashine itakuja, utake usitake."

"Najua. Ije inikute kazini."

Tabasamu la bwana yule halikujua liende wapi. Spika aliaga kwa adabu na kufunga mlango polepole. Hakujua kama kibanda kingekuwepo mwaka ujao, au kama meneja angemkaribisha kwa kumkabidhi ufunguo wa stoo. Alichokijua ni kwamba jioni ile kulikuwa na basi la kurudi nyumbani, na kesho yake zamu ilikuwa ya kwake.

Kwenye ngazi alisikia viatu vikimkimbilia. Alikuwa ni yule kijana wa mitambo, visikizio bado shingoni, waya unaburuta nyuma.

"Mama, samahani. Nilikufuata mlangoni nikasikia. Huyo uliyemtafuta mji mzima, ni wa tramu kweli? Mimi nimekua na sauti ile. Ndiyo iliyonifanya nisomee kazi hii." Alisita. "Kumbe yupo?"

"Yupo. Makumbusho ya taifa, chini ya ngazi, anapokea makoti."

"Nikienda nimwambie nini?"

Spika alimpima kutoka kichwani mpaka viatuni. Alikuwa amevaa shati tu.

"Usimwambie kitu, muulize," alisema. "Na vaa koti, mwanangu, uwe na cha kumpa. Zamu yake inaisha saa kumi."