Nani Atamwosha Huko Galway?

Kila likizo ikikaribia wajukuu zangu hunizunguka. Bibi, twende wapi safari hii? Mie huwajibu Galway, nao hucheka. Galway ndo wapi tena? Ayalandi, nawaambia, mji wa pwani, nendeni mkaone watu wanavyojua kukaa na mgeni. "Kuna nini huko, Bibi?" Hapo hasira hunipanda, maana wanataka jibu la dakika moja huku macho yako kwenye simu, na swali hilo mie nililisikia zamani likiulizwa na mtu aliyekuwa na haki ya kuliuliza. Basi nnaliandika. Atakaye asome, asotaka aende Dubai.

Aliyeuliza ni mama yangu, barazani kwetu Matrah, Omani. Tulifika kwa meli mwaka wa sitini na nne, yeye na mie tu. Baba aliuawa Unguja Januari ile ya mapinduzi, na mama hakupenda azungumzwe. Ukimtaja baba, alikuwa anainuka kwenda kutazama chungu hata kama jikoni hakuna moto.

Mama alikuwa mwosha. Unguja, mwanamke akifa mtaani kwetu, aliitwa mama kabla hata ya kuitwa mwalimu wa dini, akamwoshe na kumvisha sanda. Alipofika Matrah, sokoni walikicheka Kiarabu chake, lakini wakifiwa walikuja kupiga hodi kwetu. "Kwenye nyama ya mbuzi hawanielewi," alikuwa akisema, "kwenye maiti wananielewa vizuri sana."

Mie shule niliiacha Unguja katikati, na huku wakati ule shule ya wasichana haikuwapo. Nikachukuliwa hospitali ya Wazungu kwa sababu nilijua Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kuwashika mikono wagonjwa na kutafsiri wanapoumwa. Huko ndiko nilikomkuta nesi kutoka Galway. Uso wake ulijaa vidoadoa, nywele rangi ya kutu, na alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka nje ya ua. Hakuwa na makuu hata kidogo. Alinifundisha kufunga vidonda, kupima homa, kupiga sindano, na miaka ilivyokwenda akawa ananiacha nifanye peke yangu. Siku moja akaniambia kwamba hospitali aliyosomea yeye, kwao, ingenipokea nikasome unesi. Ameshawauliza.

Nilitaka kwenda. Wallahi sijapata kutaka kitu maishani mwangu kama nilivyotaka kile. Lakini siku zile za Sultani wa zamani hata kutembea usiku kulihitaji taa mkononi, seuze kutoka nje ya nchi. Nesi akasema ruhusa ya serikali itakuja siku yake, kwanza tutafute ya mama. Akaanza kuja kwetu kila Ijumaa alasiri. Siku ya kwanza mama alimuuliza, "Kuna nini huko?"

Anakaa mkekani, miguu hajui aikunje vipi, anakunywa kahawa na kutoa sababu. Mie natafsiri. Sababu ya kwanza ilikuwa salamu. Galway, alisema, ukimuuliza mtu njia hakuonyeshi kwa kidole, anaacha shughuli zake anakupeleka, na mkifika ameshajua wewe mtoto wa nani. Nikaitia chumvi kidogo. Mama akanikata jicho. "Yeye kasema maneno mawili, wewe unaniletea hotuba. Na hapa nani asosalimia?"

Ijumaa nyengine nesi akaleta habari ya mto wa kwao. Unapita katikati ya mji, ukisimama darajani unawaona samaki wakubwa wametulia chini, wamepangana, wanangoja kupanda juu. "Na watu wanawatazama tu?" mama akauliza. Nesi akasema ndiyo, wanatazama. Mama akatikisa kichwa. Kisha nesi akaleta matembezi ya jioni kando ya bahari, ambako watu wa Galway hutembea mpaka mwisho wa njia, hapo pana ukuta, wanaupiga teke, wanarudi nyumbani.

"Wanaupiga teke ukuta?"

"Ndivyo anavyosema, mama."

"Muulize ukuta umewakosea nini."

Nesi alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Akasema hakuna ajuaye, hata bibi yake aliupiga.

Kwenye mvua ndipo mama alipolainika. Matrah kwetu, katikati ya ile milima myeusi, mvua ilikuja mara moja moja kwa vishindo, ikachukua mbuzi na mikeka ya watu, kisha tukarudi kwenye joto. Nesi aliposema kwao hunyesha karibu kila siku, mama aliweka kikombe chini. "Mvua ya masika au ya vuli?" Nesi akajibu kuwa ni ya kila namna, nyengine nyepesi hata haijijui kama ni mvua. Mama akageuka kutazama ukuta. Nilijua anaisikia ikipiga bati la nyumba yetu ya Unguja. Mwisho akauliza, "Na nguo mnaanika wapi?"

Zikaja sababu nyengine. Mama yake nesi hujitanda shali kichwani akienda sokoni. Mama akataka aonyeshwe kwa mtandio wake, akaridhika. Kwao pia kila nyumba ina mtu aliyevuka bahari asirudi, na hata hao walobaki wanajua kumwonea huruma aliyepotelewa na kwao. Hilo mama hakulijibu kwa mzaha. Alimwongezea kahawa bila ya kuulizwa, na mie nikaanza kuota ndoto za mchana.

Ndipo mama akauliza swali lake hasa.

"Huko Waislamu wako?"

Nesi akasema ukweli. Labda daktari mmoja mwanafunzi, hana hakika.

"Mwanamke wa Kiislamu?"

Hamjui hata mmoja.

"Sasa mwanangu akifa huko, nani atamwosha?"

Nilitafsiri. Nilitegemea nesi aseme jambo, maana alikuwa hakosi neno. Akaniangalia, akamwangalia mama, akasema hajui. Mama akakusanya vikombe. "Basi," alisema, "hayo ya samaki na ukuta mazuri, lakini huyu haendi."

Nilikasirika. Nilimwambia mama nna miaka ishirini sijaugua hata mafua, yeye ananipeleka kaburini. Hakunigombeza. Alinijibu kwa sauti ndogo, na mara ya kwanza tangu tufike akamtaja baba. "Nimeosha wanawake sijui wangapi. Baba yako wamemtia shimoni na nguo zake, na wenzake, hakuna mkono wa mtu uliomgusa kwa wema. Mie siwezi mara ya pili." Akainuka kwenda jikoni. Nilijua amekwenda kutazama chungu, na nilimwacha.

Baada ya hapo nesi aliendelea kuja, ila Galway hatukuitaja. Kisha ikaja simu ya maandishi hospitalini: mama yake amefariki. Kwenda asingewahi. Akafunga aproni akarudi wodini, macho mekundu. Nilipomsimulia mama, alidhani sijasema vizuri.

"Kafiwa na mama yake?"

"Ndiyo."

"Na yuko wodini anafunga watu vidonda? Astaghfirullahi! Hana watu?"

Akavaa buibui lake, akenda hospitali kwa miguu na jua lile, akamshika nesi mkono, akamtoa wodini mbele ya daktari. Nyumbani mama akatandika mikeka, akaita majirani, akaweka tanga. Jirani mmoja akanong'ona kwamba huyo marehemu si wetu. "Marehemu si wetu," mama akamjibu bila ya kunong'ona, "alofiwa ni wetu. Kaa au nenda." Akakaa. Dua hazikusomwa. Tulikaa tu na aliyefiwa, tukampikia, tukamlisha.

Sasa sisi kwenye tanga tunajua tunavyokaa: uso chini, sauti chini. Nesi hakujua. Alipotulia akaanza kusimulia visa vya marehemu mama yake. Akasema siku moja mama huyo alikwenda kuupiga teke ule ukuta, akaupiga kwa nguvu kiatu kikaruka kikaingia baharini, akarudi nyumbani na kiatu kimoja, anasalimia watu njia nzima kama hakuna kitu. Nikatafsiri huku natamani ardhi inimeze. Wanawake wakatazamana. Bibi kizee mmoja pembeni akajizuia, akajizuia, akashindwa, akapasuka kicheko.

Nesi akaeleza kuwa kwao ndivyo. Mtu akifa analazwa ndani mwake, majirani wanakuja, chai inapikwa, wanasimulia visa vyake na kucheka mpaka anapochukuliwa kwenda kuzikwa. Wanafanya hivyo ili asiwe peke yake.

"Hawamwachi peke yake?" mama akauliza.

"Hata kidogo."

Mama akajitengeneza mtandio. Halafu akasema, si kwa nesi, kwa wanawake wote, "Mume wangu alikuwa anaogopa kuku." Sote tukageuka. "Mwanamume mzima, kifua hiki. Kuku akiingia ndani yeye juu ya kitanda. Nilikuwa nikikosana naye naacha mlango wazi makusudi." Walicheka, na mama akacheka, na katikati ya kicheko akalia, kilio ambacho alikuwa hajakilia miaka yote ile. Nesi alimkumbatia. Lile tanga likawa la mama wa mtu wa Galway na la baba yangu pamoja, na mie nilimlilia baba siku ile nikashiba.

Mwaka wa sabini akaja Sultani mpya, mambo yakageuka. Malango ya mji yakaachwa wazi, watu wakaomba pasi za kusafiria na wakapewa. Yangu ikatoka. Nesi naye muda wake ulikwisha, anarudi Galway kukaa moja kwa moja. Mama hakusema ndiyo wala la. Nilikuwa nalala na pasi chini ya mto nisithubutu kumuuliza. Asubuhi moja akaniambia, "Mwambie mwenzako aje. Avae nguo za kazi."

Tulimkuta chumbani kwake. Kitanda kimetandikwa mkeka, pembeni ndoo ya maji ya vuguvugu, majani ya mkunazi yaliyopondwa, kafuri, na kitambaa cheupe kimekunjwa.

"Lala," akaniambia.

"Nilale?"

"Lala, we mtoto! Unanifanyia makusudi?"

Nikalala na gauni langu. Akanifunika kanga shingoni mpaka miguuni. "Sasa mtafsirie."

"Maiti hatafsiri, mama."

"Leo atatafsiri."

Nesi alikuwa ameshaelewa. Alikunja mikono ya nguo, uso umemwiva. Mama akamweleza kwamba amemuuliza mwalimu, mwalimu kasema akipatikana mwanamke wa Kiislamu ndiye aoshe, asipopatikana Mungu ndiye mjuzi. "Hayo mengine mimi na Mungu tutazungumza. Tazama mikono yangu."

Nikafumba macho nikatafsiri. Asimfunue maiti, mkono upite chini ya kanga. Tumbo alikamue polepole. Amtawadhishe. Upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Maji ayamimine taratibu, hakoshi masufuria. Mama akatia kiganja chini ya shingo yangu akainua kichwa, na maji yakapita kwenye nywele. Tangu utotoni hakuwa amenishika vile. Sauti ikanikatika. Machozi yakanitiririkia masikioni na nesi akasita.

"Mwambie aendelee," mama akasema. "Na wewe sema, usinikatie maneno."

Kisha akamwachia nesi afanye peke yake, yeye kasimama. Alimsahihisha mkono, akamsahihisha kafuri, akamfanya arudie kichwa. Nesi aliniosha huku analia, na hakuruka hata hatua moja. Alipomaliza alinifunika vizuri, akasubiri. Mama alimtazama.

"Baba yake," akasema, "hakumpata hata mmoja kama wewe."

Nililitafsiri hilo nimelala vile vile. Mama akaniondolea kanga, akanifuta uso kwa ncha yake, akanivuta mkono.

"Inuka," akaniambia. "Kampikie mgeni chai. Halafu ufunge sanduku."