Mfumo wa Maji Alioacha Kaka

Kaka yangu alipofariki aliniachia mfumo wa mtandaoni wa zamu za maji. Aliutengeneza kwa ajili ya wakulima wa Chome wanaomwagilia kutoka ndiva, bwawa letu la mlimani: zamu yako ikikaribia, unapata ujumbe kwenye simu. Mimi nafanya kazi hiyo hiyo ya kuandika programu Same mjini, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani aurithi.

Nilipoufungua nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Kila sehemu ya programu ilijitengenezea mtumaji wake, yaani kipande cha programu kinachotuma ujumbe: ya zamu ina wake, ya kusafisha mifereji ina wake, ya mikutano ina wake. Kampuni ya simu iliyokuwa ikitupitishia ujumbe ilipofungwa, nikirekebisha huku, kule kunaharibika. Nikaamua kuupanga upya. Mtumaji awe mmoja, aandaliwe nje ya sehemu hizo, kila sehemu ikabidhiwe huyo, isijitafutie wake. Siku akibadilika, nagusa mahali pamoja tu.

Katikati ya usafi huo nikakuta namba ya mama. Kaka alikuwa amemwandikia maneno ya peke yake: "Mama, kesho maji ni yako. Vaa gambuti, na usibishane na mtu." Tangu tumzike, mama alikuwa bado anayapokea. Nikayafuta hata hivyo, apate ujumbe ule ule wa wakulima wote. Nilijiambia mfumo wa kijiji kizima hauandikwi kwa ajili ya mama wa mtu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira na kaka kwa kufa.

Zamu iliyofuata, mama akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo nimeitwa ndugu mkulima."

Nikamwambia asijali, nakala ya maneno ya kaka bado ninayo. Nitatengeneza mtumaji wa pili mwenye maneno yale, nimkabidhi kwa namba yake tu, na programu nyingine yote haitaguswa. Kwa mpangilio wangu mpya ilikuwa kazi ndogo mno, na hilo liliniuma kuliko yote.

Nilisikia mtu akimwita kutoka mferejini.

"Acha, mwanangu," akasema. "Nilikuwa najua hayupo. Ila simu ikilia, nilikuwa nasahau kidogo. Ukirudisha sasa, nitajua ni wewe."

Akakata simu, akaenda kumwagilia maharage yake.