Roboti Iliyomfuata Mama Sokoni

Mama yangu anauza kabichi na viazi katika soko la mtaa wetu wa Bondeni, na magoti yake yameanza kugoma. Mimi ni fundi wa redio na simu, basi nikamuundia roboti: toroli, mota mbili za kiti cha magurudumu, kamera ya simu kuukuu. Ilitambua sweta yake nyekundu, ikamfuata hadi sokoni na magunia yake. Watoto walishangilia. Nami nilivimba kichwa.

Wakubwa hawakushangilia. Walikuwa wameona video za vita kwenye simu, mashine zikiwawinda watu. Jirani mmoja akanisimamisha: "Leo ni kabichi. Kesho utaifungia bunduki?" Nikamwambia hata panga lake linaua, mbona yeye halitupi. Nilimwona mshamba tu.

Kisha akaja bwana kutoka Milimani, mtaa wa matajiri, gari safi, viatu safi zaidi, akisema ana kampuni ya ulinzi. Nilidhani ataniuliza inabeba mzigo gani. Akauliza, "Fundi, hii kitu inaweza fuata mtu kama hajui anafuatwa? Na akikimbia?" Alitaka kununua hiyo na nyingine zote nitakazounda. Nilimwomba anipe muda. Nimechoka kukarabati chaja za watu, na kazi ile niliitamani mno.

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa akibandua majani yaliyooza kwenye kabichi, wala hakuacha.

"Unakumbuka tulivyotoka Molo?"

Nakumbuka kidogo. Zilikuwa ghasia za uchaguzi; nilikuwa mgongoni kwake, na nyumba yetu ilikuwa imechomwa.

"Tulijificha kwa mianzi," alisema. "Wale vijana waliotuchomea walitutafuta mchana wote. Walipita karibu hivi, nimekuziba mdomo. Halafu mmoja akasema amechoka, anasikia njaa, waende nyumbani. Wakaenda."

Akaweka kabichi chini.

"Sasa hii yako, huwa inachoka?"

Betri ikiisha unaweka nyingine. Njaa haina. Niliogopa, nikaona haya kwamba nilikuwa nimeitamani kazi ile.

Nikampigia yule bwana palepale, mama akinisikiliza, nikakataa. Hakukasirika hata kidogo.

"Sawa fundi," alisema. "Mafundi ni wengi." Akakata.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema sawa," nikamjibu. Hilo lingine sikuwa na moyo wa kumwambia.