Vidole vya Bibi Nyuma ya Mninga

Juzi nilirudi Ihanda nikamkuta kaka yangu ameuzungushia kamba mninga wa bibi, ukiwa umechanua, anapima unene. "Dada, huu unatoa vitanda vinne na mlango," akasema. Niliingia ndani nikatoa picha iliyokaa miaka yote kwenye Biblia ya bibi.

Ngoja nikusimulie, ndugu yangu. Utotoni mwetu mninga huo ulichanua kabla ya mvua, bila jani hata moja, njano tupu, siku zile tunageuza kahawa kwenye vichanja huku maharage yakitokota jikoni. Nyuki walivuma mpaka tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Jirani yetu, bwana shamba mstaafu, alikuwa na kamera ya mkanda, na kazi yake ilikuwa kupiga picha maua ya porini. Tulimcheka sana. Nani anamaliza mkanda kwa matawi?

Jumapili moja baada ya ibada, shangazi zangu walijipaka mafuta wakajipanga uani awapige picha. Mkanda ulikuwa umebakiza picha moja. Bibi, ambaye hakuwa amepigwa picha maishani mwake, aliwekewa kiti katikati. Akakataa kukaa.

"Sura yangu mnaiona kila siku," alisema. "Haya maua yanakaa majuma mawili tu."

Akaleta shuka jeupe, lile la kumtandikia mchungaji akija, akasimama nyuma ya tawi la chini na kulinyoosha shuka mbele yake ili maua yaonekane vizuri. Shangazi walinuna wiki nzima.

Picha ilikwenda kusafishwa Tunduma, ikarudi nyeusi na nyeupe. Bibi alilalamika kwamba njano yake wameifanya majivu. Lakini kila mshipa wa ua ulionekana, na kwenye kingo za shuka, vidole vyake vinane. Hatuna picha yake nyingine.

Nilimwekea kaka picha hiyo mkononi. Akaitazama, akanirudishia. "Ni mti tu, dada," akasema.

Bwana shamba ametangulia mbele ya haki. Mininga ya njia ya kanisani imeishia kwenye makochi ya watu. Bibi tulimzika na shuka lake. Hayo nimeyakubali, na yananiuma. Hili la kuukata huu silikubali.

Nilinyoosha kitenge changu nyuma ya tawi lilelile, nikamwambia aweke kamba chini atoe simu. Akapiga, amenuna kama shangazi zetu. Kwenye picha maua yametoka njano kabisa, na vidole vyangu vipo pembeni. Anayetaka vitanda aanze kukata hivyo vidole.