Joho Langu kwenye Ngazi za Dada

Mimi na dada yangu tulisoma chuo kimoja cha ualimu, ila yeye alilipata jengo. Lilikuwa jumba la mawe la enzi za Wazungu, lenye nguzo nene na ngazi pana za kupandia ukumbini, mwendo mfupi tu kutoka mtaani kwetu. Mwaka nilioitwa chuoni mimi, miaka ya tisini imeshaanza, walilifunga lisije likatuangukia, wakapachika kibao kwamba ukarabati ungeanza karibuni. Sisi tukahamishiwa bohari tupu kule Industrial Area, upande wa Mukuru, tukawa tunafundishwa saikolojia ya mtoto huku mashine za jirani zikinguruma.

Nyumbani, picha ya dada akiwa amevaa joho kwenye ngazi zile ilitundikwa juu ya redio, juu hata ya picha ya harusi ya wazazi. Niliichukia. Kila mgeni alionyeshwa kabla hajapewa chai. Mimi nilihitimu siku ya Jumamosi, chini ya turubai, kwenye uwanja wenye matope. Mama alitazama huku na huku akasema picha ya ukutani haiwezi kupigwa pale. Kesho yake, baada ya kanisa, twende kwenye ngazi. Nilifurahi hadi nikakosa usingizi, kwa sababu hatimaye tungelingana.

Mlinzi wa jumba alisali kanisa letu, kwa hiyo alitufungulia. Tulikuwa mama, dada aliyekuwa mwalimu tayari kule Njiru, mpiga picha wa mtaani, na mimi na joho langu la kukodisha. Njiwa walikuwa wamechafua sakafu yote ya mbao, na rangi ya dari ilining'inia vipande vipande. Hata hivyo nilipoinua macho nikaona madirisha yale marefu na roshani ya mbao ikizunguka ukumbi mzima, nilijua nilichonyimwa.

Dada hakuniachia nafasi ya kutazama mwenyewe. "Hapa tulikuwa tukila, tena kwa uma na kisu," akasema. "Pale mkuu wa chuo alinisifu mbele ya wote." Aliingia maktaba akafungua kabati bila kusita, kama mtu anayetafuta chumvi jikoni kwake. Nami nilimfuata nyuma na joho mkononi, nikimwomba Mungu dada akanyage ubao mbovu. Hakukanyaga, alijua mbao mbovu zote zilipokuwa.

Tulipofika kwenye ngazi nilivaa joho, mama akaninyoosha kola. Ndipo mpiga picha akaikagua kamera yake.

"Imebaki moja tu, masistee," akasema. "Harusi ya jana imekula filamu yote. Nani anasimama?"

Maduka ya filamu yalikuwa yamefungwa, na joho lilitakiwa kurudishwa Jumatatu asubuhi. Sikuona kuna swali hapo. Lakini mama alikuwa akimtazama dada. Ile picha ya nyumbani, akamweleza mpiga picha, ilikuwa imeharibiwa na maji ya mvua, uso wa dada umebaki doa jeupe. Na kwetu magharibi mdogo hamtangulii mkubwa. Haolewi kabla yake, hajengi kabla yake. Nitundikweje ukutani peke yangu, mkubwa wangu hana uso? Mpiga picha alipendekeza tusimame wote wawili. Mama akakataa, kwa kuwa joho ni moja, na wageni wangedhani mmoja wetu alifeli.

"Mama, siku hii ni yangu," nikasema.

"Najua. Vua, mwenzako avae. Yako tutapiga siku nyingine."

Nilimngoja dada akatae. Alikuwa ameshanyoosha mkono. Mimi ni mrefu kumliko, hivyo joho liliburuzika kwenye kinyesi cha njiwa, na mama akaniambia nilishike pindo lisichafuke. Nikachuchumaa kando, nikashika, kamera ikalia.

Hiyo siku nyingine haikufika. Picha iliyotundikwa juu ya redio ni ya dada, anatabasamu, amependeza kweli. Chini, pembeni, umeingia mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Wageni wakiuliza ni wa nani, mama huwajibu kwa fahari kabisa.

"Huyo ni mdogo wake," husema. "Naye pia alihitimu."