Karatasi Ilisema Bibi Amegeuzwa

Saa moja na nusu asubuhi. Mwanamke aliyevaa aproni ya bluu anaweka beseni la maji juu ya stuli, anapima joto lake kwa kiwiko, kisha anainama karibu na sikio la bibi aliyelala.

"Shikamoo, bibi. Tunageuka."

"Marahaba. Polepole basi, mimi si godoro la kuanikwa."

Anacheka. Anapitisha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, na kuhesabu mpaka tatu kwa sauti ili bibi asishtuke. Kisha anafunua shuka na kutazama mgongo. Anautazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

Wajukuu wa nyumba hii wamempa jina la Mama Geuza. Ana miaka arobaini na mmoja, watoto watatu, na miaka tisa katika kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani: kuwaogesha, kuwalisha, kuwabadilishia nepi, na kuwageuza kila baada ya saa mbili wasichubuke.

Miezi minne iliyopita kampuni iliyomwajiri ilimtuma hapa kushika nafasi ya mwenzake aliyeugua ghafla. Bibi, mwalimu mstaafu, alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja ulikuwa umekufa ganzi na ulimi ulikuwa umefungwa.

Binti wa bibi, karani wa ofisi, alimpokea mlangoni akiwa ameshika mkoba tayari kwenda kazini. Alimwonyesha karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba.

"Kila kitu kimo humo, dada. Mwenzako alikuwa na bidii sana."

Mama Geuza aliisoma. Kila saa mbili ilikuwa na alama ya vema: amegeuzwa, ameoshwa, amepakwa mafuta. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alama zilikuwa zimefika Jumamosi jioni, siku tatu mbele.

"Nilidhani macho yangu yana kasoro," anasema. "Nikahesabu siku kwa vidole, kama mtoto wa chekechea."

Akafunua shuka.

Anafuta mikono ambayo tayari ni mikavu. Chini ya kiuno cha bibi, anasema, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kisosi cha chai, na katikati yake palionekana kitu cheupe.

"Kilikuwa mfupa. Bibi ananitazama tu, machozi yanaingia masikioni. Hawezi hata kusema 'nisaidie'."

Alimwita binti arudi. Binti alipoona, mkoba ulianguka, na yeye akafuata.

"Nilikuwa natia sahihi kila jioni," anasema binti. "Naona alama zimejaa, nafurahi. Harufu niliidhani ni ya dawa. Na usiku niliambiwa nisimguse, amelazwa kwa mito kitaalamu. Halafu, dada yangu, utupu wa mama yangu ningeuonaje? Nimelelewa kwa heshima. Kumbe heshima yangu ndiyo ilikuwa inamla."

Msimamizi wa kampuni alipopigiwa simu hakuuliza hali ya mgonjwa. "Wewe umetumwa kufanya kazi au upelelezi?" alisema. "Safisha, funga bandeji, usitie watu hofu." Mama Geuza alijua maana yake: akimpeleka bibi hospitali, kazi imekwisha. Wakati huo mumewe alikuwa hana kibarua, na mshahara wake ndio uliokuwa ukilisha watu watano.

Akaita teksi.

Bibi alilazwa siku kumi na tisa. Daktari aliwaambia kwamba sumu ilikuwa imeanza kuingia kwenye damu. Wangechelewa siku chache tu, wangekuja kuchukua mwili. Kampuni haikumpigia tena Mama Geuza. Bibi alipotoka hospitali, familia yenyewe ndiyo iliyomwajiri.

Ungetegemea amlaani mwenzake. Halaani.

"Si mnyama yule. Ana mama yake pia," anasema, na sauti inashuka. "Nikwambie ukweli? Hata mimi nimewahi kufanya hivyo, katika nyumba nyingine. Kazi yetu ni ya maji na glavu. Kalamu inateleza, karatasi inalowa. Kwa hiyo asubuhi, mikono ikiwa mikavu, unatia alama za mchana kabisa. Unasema, si nitamgeuza tu? Kesho unatia za siku mbili. Halafu siku moja umechoka, unatazama ukutani, unaona ameshageuzwa. Mwili wako unakubali."

Anaongeza, "Mgonjwa wangu hakuchubuka. Lakini ile ilikuwa bahati. Haikuwa kazi nzuri."

Kidonda sasa kimebaki upana wa vidole viwili. Ulimi wa bibi umefunguka, na pamoja nao, anasema binti, ukali wote wa mwalimu.

"Maji haya ya baridi," bibi analalamika.

"Ya moto, bibi. Wewe ndiye wa baridi."

"Unanijibu?"

Mabinti wanne wa mtaani wameomba wafundishwe kazi hii, na Mama Geuza amepanga kuanza nao mwezi ujao, Jumapili mchana, sebuleni kwake. Siku ya kwanza hawataandika chochote. Kila mmoja atalala chali saa mbili nzima bila kujigeuza, bila hata kujikuna.

Mwanawe mkubwa alimwambia hiyo si elimu, ni adhabu.

"Nilijaribu mwenyewe kwanza," anasema, akimfunika bibi mabega. "Nilifika dakika ya arobaini, nikaanza kulia. Na mimi nilikuwa naweza kuinuka."