Zana Iliyojibu Salama

Levina alikuwa na sifa moja iliyofika hadi Morogoro: ukimpa kazi yako aikague, jiandae kununa. Alipanga chumba Ifakara, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, na humo, yeye na feni yake yenye kelele, alishinda akisoma programu za kompyuta zilizoandikwa na wenzake na kuzikosoa bila huruma. Kikundi chao kilitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wahudumu wa afya vijijini, ile inayomwonyesha mhudumu kiasi cha dawa cha kumpa mtoto kulingana na uzito wake. Programu kama hiyo huandikwa vipande vipande. Kisha kuna zana nyingine inayokusanya vile vipande, kuviunganisha, na kutoa kitu kizima cha kuweka kwenye simu. Zana hiyo ilikuwa ya Fidelis, mwenzao aliyekaa Morogoro, na siku hiyo Levina alipewa aipitie kwa jambo moja tu: kitu kikiharibika katikati ya kazi, zana inafanyaje?

Kabla hajaanza alimpigia simu mama yake, kama kila asubuhi. Mama Yosefina alikuwa amehamia bondeni, mbele ya Idete, kwenye dungu, kile kibanda cha miti kinachosimama juu ya nguzo katikati ya mashamba. Mpunga ukikaribia kukomaa, watu wa bonde hufunga nyumba za kijijini na kwenda kukaa huko kuamia ndege wasile nafaka. Kuongea na mtu aliye dunguni ni kazi. Mama hukatiza kila sentensi apige yowe na kutikisa makopo yaliyofungwa kwenye kamba, mpaka Levina anaweka simu mbali na sikio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Salama tu."

"Na ule mguu uliochomwa na bua la tete?"

"Salama tu. We fanya kazi, mama."

Levina alifurahi kwamba leo wamesikilizana vizuri. Akakata simu, akafungua kazi ya Fidelis.

Aliisoma mara moja akakunja uso. Hakuamini alichosoma, kwa hiyo akafanya anachofanya mkaguzi mwenye roho mbaya: akachomoa modemu makusudi, akaiamuru zana ianze kazi bila intaneti. Jedwali la dozi za watoto hukaa kwenye mtandao, na zana lazima ilifuate huko. Zana ikafanya kazi, ikamaliza upesi kuliko siku zote, ikaandika kwa rangi ya kijani: salama, hakuna tatizo. Levina akafungua kile ilichotoa. Ndani mlikuwa na jedwali la zamani lililobaki kwenye kompyuta, lile walilolikataa wenyewe baada ya kugundua lina makosa.

Akachomeka modemu, akampigia Fidelis.

"Shikamoo dada," Fidelis akaanza.

"Marahaba. Umeniletea nini hiki? Jedwali limekosekana, zana yako ikachukua la zamani kimya kimya, halafu inaniambia salama! Mtoto wa mtu akipewa dozi siyo, utamwambia nini mama yake?"

Fidelis akajitetea: "Sikutaka kumtia mtu presha, dada. Na wewe mwenyewe ulisema mwezi huu una kazi nyingi, hutaki kusikia zana imesimama kwa vitu vidogo vidogo."

Kweli alisema. Lakini Levina akishapanda hasira hashuki kirahisi. "Kitu kikishindikana kisemwe palepale. Ni kipi, kimeshindikana wapi, kwa nini. Halafu zana isimame!"

"Sawa, nitarekebisha. Ila dalili ilikuwepo, dada. Si umeona ilivyomaliza upesi, bila usumbufu wowote? Ikitulia hivyo, ujue kuna kazi haijaifanya."

Masikioni mwa Levina ikarudi sauti ya mama yake ya asubuhi, safi kabisa, bila yowe, bila kopo hata moja kulia. Na ile ndiyo saa ambayo ndege waitwao kwelea hushuka mashambani kama wamealikwa.

"Nitakupigia," alisema, akakata, akampigia mama yake.

Mama alipopokea, Levina hakuuliza habari.

"Mama, nani anaamia ndege?"

"Aa, mwanangu, huku ni sala—"

"Usiniambie salama. Umesimama au umelala?"

"Nimelala."

"Mguu unaukanyagia?"

"Juzi niliukanyagia kidogo."

"Na ndege?"

Mama aliyekuwa ameusema mguu wake bila wasiwasi, hapo sauti ilimkatika. "Wanakula, Levina. Wanakula hapa naangalia."

Pikipiki ilimfikisha Levina mwisho wa njia, na matope yaliyobaki aliyakata kwa miguu, viatu mkononi. Mguu wa mama ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi inang'aa, na mwili wake ulichoma kwa homa. Levina aliogopa, aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Kija, Msukuma mwenye shamba la jirani, alifunga ng'ombe wake kwenye mkokoteni, wakamlaza mama juu ya majani ya mpunga.

"Kwa nini hukusema, mama?" Levina aliuliza njiani, amekishika kichwa cha mama kisigongwe.

"Ulisema mwezi huu una kazi nyingi."

Levina akageuka kutazama migongo ya ng'ombe.

Hospitalini walipasua jipu, wakatoa usaha mwingi, wakamtundikia dripu. Daktari alisema mguu hautakatwa, ila mama angecheleweshwa zaidi, asingeweza kuahidi hivyo. Levina akiwa kwenye benchi la nje na kompyuta aliyokuja nayo mgongoni, kazi ya Fidelis ikamfikia imerekebishwa. Alikata intaneti akaijaribu. Zana ilienda kidogo, ikasimama, ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba jedwali la dozi halikupatikana kwenye mtandao na kwamba haitaendelea bila hilo. Levina aliipitisha, akamwandikia Fidelis asante. Fidelis alipiga simu kuuliza kama kweli aliyeandika ni yeye.

Asubuhi aliingia wodini na chupa ya chai. Mama alikuwa ameamka, macho yamerudi mahali pake.

"Shikamoo mama. Habari za leo?"

Mama Yosefina akafungua mdomo, na Levina akaliona lile neno linakuja, kama lilivyokuja kila asubuhi ya maisha yao. Mama akamwangalia bintiye usoni, akalimeza.

"Mbaya," alisema. "Mguu umeniuma usiku kucha, uji wao hauna sukari, na mpunga wangu umeliwa wote."

Machozi yalimtoka Levina, na hakuyafuta. Alivuta stuli, akaketi, akaushika mkono wa mama yake, akamwomba aanze tena tangu siku alipochomwa, asiruke kitu.